Mikono ya Mama Mrusi

Mkono wa kwanza wa mpiga piano niliowahi kuushika ulikuwa umevunjika, na mimi sikujua kwamba ni wa mpiga piano. Kadi ya hospitali ilisema "mkulima". Ilisema kwamba aliteleza zizini ndama alipovuta kamba, akaanguka na kujikinga kwa mkono wa kulia, akakaa na plasta wiki sita, na sasa aletwe kwangu kwa mazoezi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali moja ya misheni upande wa Kaplong. Chumba changu kilikuwa mwisho wa korido, kikipakana ukuta na chumba cha kufulia, kwa hiyo kutwa kilinukia sabuni na mashuka moto. Nilikuwa na kitanda kimoja, beseni la maji ya uvuguvugu, vipande vya sponji vya kuminya, na kipimo cha chuma cha kujua kiungo kinajikunja kiasi gani. Wagonjwa wangu wengi walikuwa wanawake wa kuchuna chai. Walikuja na dole gumba lililokwama, au kifundo kilichovimba, au bega lisiloinuka tena. Niliwafahamu vizuri, maana mama yangu mwenyewe alikuwa mmoja wao. Wazazi wangu walitoka Kisii kabla sijazaliwa, wakaajiriwa katika shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho, na mimi nikakulia kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu kwa safu.

Mgonjwa wangu mpya alikuwa mzungu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, amevaa gambuti na sweta ya kufuma, kitambaa cha kichwa kimefungwa kisogoni kama wanavyofunga mama zetu. Watu wote wa barabara ile walimwita Mama Mrusi. Mumewe alikuwa Mkipsigis, daktari wa mifugo aliyestaafu, ambaye ujanani alisomea kwao huyo mama. Walikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa na kipande cha chai.

"Chamgei," alinisalimu, na alipoona ninasitasita kujibu akajua mimi si Mkipsigis, akahamia Kiswahili. Kiswahili chake alifunzwa na mama mkwe, akakichukua kama alivyokisikia, pamoja na lafudhi ya Kikipsigis. "Pado inauma," alisema akiuweka mkono mezani. "Lakini kitogo."

Ili kujua mkono uliovunjika unatakiwa urudi wapi, unapima kwanza ule mzima. Nikamwomba apanue vidole vya mkono wa kushoto juu ya meza. Akavipanua. Dole gumba lilielekea huku na kidole cha mwisho kule, vikalala karibu mstari mmoja, kama mtu anayepima kitambaa kwa shubiri. Nikapima. Nikafikiri kipimo changu kimeharibika, nikapima tena.

"Mama, hii mkono uliifanyia nini?"

"Piano," akasema. "Toka nikiwa mtoto."

Nikamwambia kwamba hata kanisani kwetu tuna kinanda, cha betri, na kinasaidia sana kwaya. Hakunicheka. Alifikiri kidogo, akasema ndiyo, hicho ni ndugu mdogo wa piano.

Basi huo ndio ulikuwa mwanzo. Alikuja kila Jumanne na Ijumaa, na mimi nikaanza kumwekea maswali kama mtu anavyoweka akiba. Mkono ukiwa ndani ya maji mgonjwa hana pa kwenda, na mimi nina robo saa nzima. Nilikuwa sijawahi kuona piano kwa macho. Sikuelewa ni kazi gani hiyo, kwamba mtu mzima anakaa jukwaani peke yake na watu wengine wazima wananyamaza wakimtazama mgongo.

Aliniambia hawamtazami mgongo, wanamtazama ubavu. Halafu akaendelea, siku hadi siku, na mimi nikaunganisha. Alizaliwa katika mji ulio kando ya mto mkubwa, mto ambao wakati wa baridi unaganda mpaka malori yanapita juu yake. Hilo nililikataa. Nikamngoja mumewe alipokuja kumchukua, nikamuuliza, na mzee akathibitisha kwa uso wa mtu aliyevuka mto huo ndani ya lori na asingependa kurudia. Baba yake Mama Mrusi alikuwa fundi wa injini za treni. Piano ya kwanza aliigusa katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, akiwa na miaka mitano. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa bibi mkali sana ambaye hakumruhusu kugusa piano mwezi mzima. Alimfundisha kwanza kukaa, kushusha mabega, na kuuacha mkono uanguke mapajani kama kitu kisicho na mwenyewe.

Akiwa na miaka kumi na mmoja alipelekwa shule ya bweni ya muziki Moscow. Alipofika ishirini alikuwa tayari anapanda treni kwenda kupiga piano katika kumbi za miji ambayo hata yeye hakuijua, miji ya migodi na ya viwanda. Wakati mwingine ukumbi ulikuwa na baridi kiasi kwamba alikaa na chupa ya maji moto mapajani mpaka dakika ya mwisho. Nikamuuliza anapiga kwa muda gani. Saa mbili. Na kitabu mbele yake? Hapana, bila kitabu. Nikamuuliza basi kichwa kinabebaje vitu vya saa mbili bila kuchanganyikiwa. Akainua mkono kutoka kwenye beseni, maji yakichuruzika, akautazama.

"Si kichwa," akasema. "Hawa ndio wanajua. Mimi nawafuata tu."

Nilimuuliza pia alivyokutana na mzee. Wanafunzi wa kigeni walipewa tikiti za bure za tamasha lake, na yeye mzee, kijana wakati huo, akaenda kwa sababu ukumbi ulikuwa na joto kuliko bweni. Alilala tangu mwanzo hadi mwisho. Watu waliposimama kupiga makofi, wenzake wakamsukuma mbele na maua. Akamkabidhi, naye akamuuliza ni sehemu gani ilimpendeza. Kijana akamwambia kwamba hakusikia hata moja, alikuwa amezalisha ng'ombe tangu alfajiri katika shamba la chuo.

"Wote walikuwa wananiambia uongo tamu," Mama Mrusi alisema. "Huyu akaniambia ukweli mbaya. Nikataka kumjua."

Lakini kulikuwa na swali moja ambalo kila nikilisogelea alikuwa ananiambia maji yamepoa. Mtu aliyefanya kazi hiyo tangu utoto, mtu aliyepigiwa makofi na kupewa maua, imekuwaje anakamua ng'ombe Kaplong na nyumbani kwake hakuna hata kile kinanda cha betri? Nililiuliza mara tatu, na mara zote tatu nikaongeza maji moto.

Mzee ndiye aliyenijibu, au alifikiri ananijibu. Alinikuta koridoni Ijumaa moja, mkewe akiwa bado anafunga kitambaa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kosa ni lake. Walipofika nchini walikaa Nairobi kwanza, na huko walikuwa na piano ya kukodi. Kisha serikali ikamhamishia Sotik kutibu mifugo. Piano ikarudishwa kwa mwenyewe, na mkewe hakuitaja tena. Miaka karibu ishirini. Alisema amekuwa akimtazama akibeba ndoo za maziwa na kujiona kama mtu aliyeiba kitu cha watu wengi akakificha zizini kwake.

"Pale klabu ya wazungu wa chai kuna piano," akaniambia. "Nilishaomba ruhusa. Yeye anakataa. Lakini wewe ukimwambia ni dawa, atakubali."

Sasa naweza kusema kwamba nilikubali kwa ajili ya mkono. Mkono ulihitaji kazi, hilo ni kweli. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba nilitaka kusikia. Jumanne iliyofuata nikamwambia, kwa sauti yangu ya kitaalamu, kwamba kupona kwake kumefika mahali ambapo sponji haitoshi, na kwamba mkono unakumbuka haraka kazi uliyoizoea. Alijikausha mkono kwa taulo. Kisha akasema sawa, tarehe ni yenu, wewe na mzee.

Tulikwenda Jumatano mchana, mzee akiendesha pikapu yake, sisi wawili tumebanana kando yake. Klabu ilikuwa ndani ya shamba lile lile ambamo mama yangu alichuna chai. Nilipita nje ya ua wake miaka yote ya utoto wangu na sikuwahi kuvuka lango. Mtunza klabu, mwanamume wa makamo aliyevaa koti la kijani, alitufungulia chumba kikubwa chenye mahali pa moto na vikombe vya mashindano ya gofu. Piano ilikuwa kona ya mbali, imefunikwa shuka, na juu ya shuka wameweka vyombo vya maua. Niliona aibu kwamba nilidhani itakuwa kubwa zaidi.

Mama Mrusi aliondoa vyombo vya maua mwenyewe, kimoja kimoja. Alifungua kifuniko. Akabonyeza kitufe kimoja, cha pili, cha tatu, kama mganga anayepapasa tumbo la mgonjwa, na uso wake ukawa wa mtu aliyesikia habari za msiba alioutarajia. Unyevu wa Kericho ulikuwa umeiingia. Vitufe vingine vilizama na kubaki chini. Vingine vilitoa mgongano wa mbao tu, bila sauti. Akavuta kiti, akakirekebisha, akakaa, akashusha mabega.

Nilingoja sauti zimiminike kama mvua ya mawe. Nilichopata ni sauti tano, kwa mkono wa kushoto, za kupanda na kushuka, pole pole. Kisha zile zile tano tena. Kisha mkono wa kulia, zile zile tano, kidole cha nne kikichelewa. Alirudia hivyo kwa muda ambao mtunza klabu aliweza kwenda, kunywa chai na kurudi. Nilianza kuelewa, ingawa sikufurahi kuelewa, kwamba nilikuwa ninatazama kazi na si tamasha, na kwamba kazi hiyo inafanana sana na yangu.

Halafu, bila kutuangalia, alianza kitu kingine. Mikono yote miwili ilitembea pamoja, ule wa kushoto ukiwa chini kama watu wanaozungumza chumba cha pili, ule wa kulia juu yake ukieleza jambo. Kila kitufe kilichokufa kiliacha shimo, lakini ungeweza kufuata. Mzee alisimama karibu na dirisha, kofia mkononi. Labda ilikuwa dakika mbili. Kisha mkono wa kulia ulitakiwa kufika mahali fulani mbali, haukufika, akaacha. Akafunga kifuniko, akarudisha shuka, akapanga maua.

Tukaanza safari ya kurudi. Tulipofika Litein mzee alisimamisha gari kununua mkate, tukabaki wawili, ndipo akazungumza.

"Usinidanganye tena," akaniambia. "Mgonjwa ukimdanganya mara moja, hata ukweli ataukataa."

Nikamwomba radhi. Nilikuwa na machozi ya haya. Akanigonga goti na ule mkono wake mgumu, akaniambia kwamba kwa kuwa nimeuliza sana, basi nisikie. Tangu miaka kumi na mmoja hakuna tamasha hata moja alilopiga bila kutapika kwanza. Hakuna aliyejua isipokuwa wanawake wa kufagia kumbi. Alipokuwa jukwaani ilikuwa nzuri, hakukana, lakini njia ya kufika jukwaani ilimla. Alipohamia Sotik na piano ikaondoka, siku moja aligundua kwamba ameamka, amekamua, amekunywa chai, na tumbo lake limetulia. Alisema aliingoja hofu wiki nzima, haikuja.

"Mzee anafikiri alininyang'anya," akasema. "Nimemwambia. Haamini. Anapenda hiyo huzuni yake, nimemwachia."

Mzee akarudi na mkate, akawasha gari.

Nilidhani hatakuja tena. Ijumaa alikuja, mapema kuliko kawaida, akanikuta na mgonjwa mwingine, mwanamke wa chai ambaye dole gumba lake lilikuwa limekwama kama kisu cha kukunja kilichoshika kutu. Akakaa benchi akatazama. Yule mama alipoondoka, Mama Mrusi aliniuliza ninamfundisha nini. Nikamwonyesha: minya, achia, minya, achia. Akatikisa kichwa. Alisema mkono ule umeminya kutwa nzima, na mimi ninampa kazi ya kuminya zaidi. Sikupenda kuambiwa hivyo na mkulima mwenye kadi mkononi, lakini nilijua si mkulima tu. Akaniuliza kama anaweza kumwona mtu akichuna.

Nikampeleka kwa mama yangu, Jumapili baada ya kanisa. Mama alinivuta jikoni akaniuliza kwa Kikisii huyu mzungu anataka nini na mikono yake. Nikamwambia sijui vizuri. Lakini mgeni ni mgeni. Alimpa chai na ndizi za kuchemsha, kisha tukatoka hadi ukingo wa shamba, mama akachuna kidogo ili aonekane. Majani mawili na chipukizi, nyuma ya bega ndani ya kikapu, majani mawili na chipukizi. Mama Mrusi hakutazama vidole hata kidogo. Alisimama nyuma ya mama akatazama mabega.

Kisha wakakaa kwenye ngazi ya nyumba. Aliuchukua mkono wa mama, akauinua kwa kuushika chini ya kiwiko, akamwambia auachie. Mama akasema ameuachia. Mama Mrusi akaondoa mkono wake, na mkono wa mama ukabaki hewani.

"Unaona? Bado anafanya kazi," akasema. "Hakuna majani hapa, na bado anafanya kazi."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho. Ilichukua alasiri yote kabla mkono ule haujaanguka wenyewe mapajani, mzito, kama mkono wa mtoto aliyelala. Baada ya hapo akamfundisha yaliyobaki: kushusha bega, kuacha mkono uning'inie na kuutikisa kutoka begani, kufungua kiganja bila kukinyoosha kwa nguvu. Ndiyo yale aliyofundishwa na yule bibi mwalimu wa ukumbi wa reli.

Mimi niliandika kila kitu, nikayapima kwa kipimo changu kwa miezi, nikaacha yale ya kuminya. Mama yeye hakuandika. Aliwaonyesha wenzake wa laini. Siku moja alinisimulia kwamba msimamizi aliwakuta kwenye kibanda cha kupimia majani, wanawake kumi na zaidi wamesimama safu, mikono inaning'inia, macho yamefumbwa, akadhani ni mgomo unaoanza kwa maombi. Akawauliza wanataka nini. Wakamwambia hawataki kitu, wanapumzisha mikono. Akasimama pale akawatazama mpaka wakamaliza. Mwaka uliofuata wanawake wa mashamba mengine walianza kunijia wakitaka "ile ya Mama Mrusi", na hawakujua alikuwa nani. Wengine walidhani Mrusi ni jina la mtoto wake wa kwanza.

Mkono wake mwenyewe haukurudi wote. Kidole cha nne kilibaki kizito. Nilimwambia ukweli huo, akashukuru, akasema ng'ombe hawajalalamika.

Alifariki kuelekea mwisho wa miaka hiyo ya tisini, moyo, ghafla, asubuhi akiwa bustanini. Walimzika nyumbani, na kanisa lilijaa. Katika wasifu wake walisoma kwamba alikuwa mke mwema, mfugaji hodari, mpenzi wa mursik, yale maziwa ya kibuyu, na kwamba alifika nchini kutoka mbali. Kuhusu piano kulikuwa na sentensi moja. Mzee alikuwa ameandika zaidi, lakini akashindwa kusoma, na aliyempokea karatasi akayaruka.

Mwezi mmoja baadaye mzee alikuja hospitali na kaseti. Dada ya mkewe aliituma zamani, imenakiliwa kutoka redio ya kwao, tamasha moja la ujanani. Alisema nyumbani hawezi kuisikiliza, na watoto wako mbali. Nikaichukua hadi kwa mama Jumapili, tukaiweka kwenye redio kaseti juu ya meza ya jikoni.

Kwanza ulisikika ukumbi: watu wanakohoa, viti vinalia, mwanamume anatangaza kitu. Kisha kimya. Nilijua kimya kile ni cha nini, na nilijikuta nimeshika tumbo langu. Halafu akaanza. Sina maneno ya kitaalamu ya kueleza nilichosikia. Ilikuwa ni kama kumjua mtu akiwa mgonjwa kitandani kwa miaka, halafu unamwona akikimbia. Mama aliacha kumenya ndizi. Baada ya muda akaniuliza ni watu wangapi wanaopiga. Nikamwambia mmoja. Akauliza kama ni yule yule. Nikamwambia ni yule yule. Akasikiliza tena, kichwa kimeinama.

"Mabega ameshusha," akasema.

Mzee aliponisomea maandishi ya kwenye kaseti, yalikuwa na jina la mji na jina la mkewe, basi. Hakuna palipoandikwa anapiga nini. Nimewapa kaseti hiyo watu wawili wanaojua muziki waisikilize, mwalimu mmoja wa Kabianga na padri mmoja mgeni. Kila mmoja alinitajia kitu tofauti, na wote wawili walikuwa na hakika.